Mtihani Ulionitaka Nimnyime Mgeni Mlango

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alianguka kutoka juu ya mnazi na hakugema tena. Nilikuwa darasa la tatu. Niliambiwa nitoke shuleni, kaka zangu wabaki. Sikuuliza kwa nini. Nilijua, na kuuliza kusingenirudisha darasani.

Nikashuka kutoka bara, upande wa Ganze, nikaja Malindi kulea watoto wa watu ilhali mwenyewe mtoto. Nilipopata kimo nikaingia kwenye nyumba za Waitaliano, kufua na kupika. Bibi mwenye nyumba alikuwa na tabia ya kwenda pwani asubuhi na kuniachia kazi zangu kwenye karatasi, ameiweka chini ya kopo la sukari. Usipoisoma, kazi haifanyiki, na kazi isipofanyika unafunga virago. Basi nikazisoma. Mimi kusoma vizuri sikukujua kwa ubao na chaki. Nilijua kwa karatasi za jikoni, na kwa Kiitaliano. Wanaocheka waje Malindi wawasikie wauza samaki wanavyopatana bei kwa Kiitaliano hicho hicho.

Sitaki kuwachosha na miaka yote ya katikati. Niseme tu kwamba wale Waitaliano hukaa hapa msimu, kisha hurudi kwao, na nyumba zao hubaki zikitazamana na bahari. Mmoja aliniachia funguo zake, akarudi akakuta hata kijiko hakijapotea. Akamwambia mwenzake. Mwenzake akamwambia mwenzake. Nikafungua ofisi. Mwanzo nilishika funguo tu. Halafu zikaja kamera, kengele za wezi, namba za kufungulia mageti, nakala za pasipoti za wapangaji. Vyote hivyo viliingia kwenye kompyuta yangu moja, na mimi nikavilinda kama nilivyolinda funguo, yaani kwa macho na kwa mdomo mkali.

Mambo yakaharibika kwenye nyumba ya jirani, wala haikuwa yangu. Mtu aliingia kwenye kamera za nyumba ile akiwa mbali huko, akachukua picha za wageni wakiogelea, zikasambaa. Wenye nyumba wote wakatetemeka. Yule mzee waliyemchagua kuwasemea, Mwitaliano ambaye mashati yake nimeyafua tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akaja ofisini akaketi bila kunitazama.

"Mama, wenzangu wamekata shauri. Anayeshika nyumba zetu lazima awe na cheti cha usalama wa taarifa."

"Mimi nina miaka mingi ya usalama."

"Najua. Lakini kuna kampuni ya Mombasa imeleta cheti. Msimu ukifunguka kama huna, nyumba zinakwenda kwao."

"Ngapi?"

"Zote."

Nikamwuliza kama atakunywa kahawa au la, kwa sababu sikutaka anione uso.

Watu walinishauri niajiri msomi mwenye cheti, nimweke mbele. Nikakataa. Aliyekishika cheti ndiye atakayekuwa amezishika nyumba, na siku akinuna ataondoka nazo. Kitu changu nakishika mwenyewe. Ndivyo nilivyofika hapa nilipofika, na kama si hivyo ningekuwa bado nafua.

Nyuma ya soko la zamani palikuwa na chumba cha kufundishia kompyuta. Mwalimu wake alikuwa mtu wa visiwani, wa Lamu, mpole, maneno yake yamenyooka kama kanzu iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, mama. Umemleta mjukuu?"

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe."

"Ahlan, karibu. Kujifunza kupiga chapa?"

"Kujifunza kuzuia wezi wa kompyuta. Wafundisha, au kazi yako ni kuhoji?"

Akacheka mpaka akavua kofia. Lakini alipotafuta habari za mtihani wenyewe akaacha kucheka, maana ulikuwa mgumu kweli, na wa Kiingereza. Kiingereza changu mimi ni cha kusema *good morning*. Akasoma tena, akakuta kwamba mtahiniwa anaruhusiwa kuchagua lugha, na Kiitaliano kimo. Nikapiga meza. Yeye ndiye aliyenyong'onyea, kwa kuwa Kiitaliano hakijui hata cha kuombea maji.

Basi tukafanya hivi. Yeye alisoma kitabu cha Kiingereza, akanieleza kwa Kiswahili, nami nikatafuta neno lake la Kiitaliano. Tukawa kama watu wanaopitisha kitanda mlangoni: "Inua huku!" "Ngoja, pindua!" Siku aliyonifundisha kwamba taarifa inatakiwa iwe siri, iwe kamili, na ipatikane, alizunguka sana. Nikamwambia, mwalimu, hilo ni ghala la mahindi juu ya meko, kama la kwetu. Asiyehusika asichungulie, mtu asichanganye na mchanga, na mwenye njaa akija ayakute. Akasema sawasawa. Nikaona mtihani huu nimeshaula.

Nikaenda Mombasa kuufanya. Nikaanguka.

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Kompyuta haikunisubiri hata nivae miwani vizuri, ikaniandikia kwamba sikufaulu. Karatasi niliyopewa ilionyesha nimefanya vyema kote isipokuwa sehemu moja, ile inayohusu watu. Mimi! Niliyeishi na watu maisha yangu yote!

Mwalimu akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Mama, mtu akija mlangoni kabeba maboksi mikono yote miwili, hana kadi ya kuingilia, ukiwa wewe umefungua, utafanyaje?"

"Nitamshikia mlango apite. Wewe ungemwacha na mizigo?"

"Na anayepiga simu analia, anasema bosi wake atamfukuza asipopewa neno la siri?"

"Maskini. Nitamsaidia."

"Ya Rabi. Mama, kwenye mtihani ulimpa?"

"Sikumpa kitu, nilitia alama tu."

"Ndiko kumpa huko!"

Nikakasirika. Nikamwambia mtihani huu umetungwa na watu wasio na malezi. Kwetu sisi mgeni hupewa maji kabla hajaulizwa atokako. Ukimwuliza kwanza, umemtukana yeye na waliomzaa. Mwalimu akasema, "Hata kwetu ni hivyo, mama." Tukaachana hivyo, kila mtu na lake. Nilikuwa nimebakiwa na nafasi moja tu ya kurudia kabla ya msimu.

Siku chache baadaye niko ofisini, alasiri, akaja mwanamke wa makamo amevaa buibui, kikapu mkononi, jasho linamtiririka.

"Hodi humu?"

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, mama. Nilikuwa napita, jua limenizidi. Simu yangu nayo imezima, na mume wangu atakuwa ananitafuta."

Sauti yake ilikuwa tamu, heshima tele. Nikamkalisha kwenye kiti changu, penye feni. Nikamchomekea simu kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaingia ndani kumtilia maji, na kwa kuwa maji matupu si heshima, nikakata na maembe. Niliporudi tukazungumza habari za jua na bei ya unga. Akala, akanywa, akaniombea dua ndefu, akaondoka. Nikabaki na moyo mweupe.

Hata sahani sijaiosha, simu ikalia. Mwalimu.

"Mama, mbona umesimama? Keti."

"Wajuaje kama nimesimama?"

"Leso yako ya buluu imekaa upande. Na hiyo sahani ya maembe, nimebakishiwa?"

Nikageuka nikatazama mlangoni. Hakuna mtu. Nikatazama barabarani. Hakuna mtu. Halafu nikainua macho, nikaiona kamera ya ofisi yangu mwenyewe imenikodolea jicho.

"Naziona zote," akasema, na sasa hakuwa akitania. "Naona bwawa la nyumba ya kwanza. Naona mtunza bustani wako amelala. Yule uliyempa maji ni mke wangu, nilimtuma mimi. Kompyuta ulimwachia wazi. Simu yake ilipopata moto aliielekeza tu kwenye kioo cha kompyuta, kwenye kile kimraba cha kuunganishia simu na kamera, ikaunganishwa, basi. Tusamehe, mama. Amelia njia nzima kwa ajili ya yale maembe."

Nikaketi kama alivyoniamuru. Nilimtukana, sitaficha, nikamtukana kwa Kigiriama na nikamalizia kwa Kiitaliano. Kisha nikamwambia azifunge kamera zangu mara moja, na aje na mkewe waniombe radhi uso kwa uso. Wakaja. Nikamtazama yule mwanamke: ni mtu mwema, mtu wa haki, na kama angekuwa mwizi ningekuwa nimempa kila kitu pamoja na embe.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wezi wa siku hizi hawavunji mlango wangu. Wanabisha hodi, wanasema shikamoo, na malezi yangu ndiyo yanawafungulia.

Lakini mimi si mtu wa kutupa malezi kwa sababu ya mtihani. Nilifikiri siku nzima. Kesho yake nikamwita fundi, akanijengea baraza ya saruji nje ya mlango wa ofisi, na paa la makuti juu yake. Nikaweka mtungi wa maji na vikombe, na soketi ya kuchajia simu ukutani. Nikawakusanya wafanyakazi wangu nikawapa sheria. Mgeni apewe maji, apewe kivuli, apewe pole ya safari. Akishakunywa aulizwe jina, aulizwe katumwa na nani, na aliyemtuma apigiwe simu. Mlango unafunguliwa mwisho. Maji ni haki ya mgeni, mlango ni haki ya mwenye nyumba.

Mpishi wangu mmoja akauliza, "Na akiwa amebeba maboksi, mama?"

"Mpokee maboksi, yaweke barazani. Yeye naye mweke barazani."

Mwalimu alipoiona baraza ile aliizunguka mara mbili. Akasema kitabuni haimo, ila jibu ni lile lile. Tukarudia ile sehemu ya watu. Kila alipouliza, "Utamfungulia?" nilimjibu, "Atakunywa maji kwanza," tukacheka, na mimi nikatia alama mahali panapostahili.

Nikarudi Mombasa. Pale mapokezi palikuwa na msichana, akanisalimu shikamoo kwa adabu kamili, kisha akaniomba kitambulisho. Nikampa. Akaomba na cha pili. Akanivua miwani akaitazama, akanivua hereni, akanikunjua ukingo wa leso. Mara ya kwanza yale yote yalinichukiza. Safari hii nilimwambia, "Mwanangu, kazi yako waijua. Ungenipa na maji tu." Akatabasamu, lakini mlango hakuufungua mpaka alipomaliza.

Kwenye maswali, mwenye maboksi akaja tena, mara hii amebeba keki ya siku ya kuzaliwa. Nikamwacha nje na keki yake. Aliyelia kwenye simu naye akaja. Nikamwambia, kwa alama moja, kwamba nitampigia bosi wake mimi mwenyewe. Nilipobonyeza mara ya mwisho sikufumba macho. Kompyuta ikaandika nimefaulu, kwa Kiitaliano, na neno lile nililisoma bila msaada wa mtu. Nilipiga kigelegele mle chumbani msimoruhusiwa hata kukohoa. Msichana akaja mbio, akakuta bibi wa miaka hamsini na tisa anacheza mwaribe, ngoma ya kwetu, kati ya meza. Hakunitoa. Alifunga mlango ili walio nje wasisikie.

Yule mzee wa Kiitaliano nilimkuta kwake, anapanga viti kwa ajili ya mkutano wa wenye nyumba. Nikamwekea cheti mezani. Alikisoma kwa muda, kidole kwenye jina langu.

"Kampuni ya Mombasa nimewaalika leo," akasema. "Wako njiani."

"Wakifika wape maji," nikamwambia. "Funguo ninazo mimi."

Mkutano ulichukua muda mfupi kuliko kahawa yao.

Leo nina nyumba ya mawe Malindi, vyumba vinne na kisima. Nina shamba Ganze, minazi na mikorosho, hati yake ina jina langu. Nina nyumba niliyomjengea mama, na mama mwenyewe yumo, mzima. Nina pikapu moja. Nina ofisi, baraza na kompyuta mbili zinazojifunga zenyewe. Nina wafanyakazi kumi na wanne, wote wameshafundishwa na mwalimu wangu. Nina nyumba za watu ishirini na tatu chini ya mkono wangu, zile zote za zamani na nne zilizoongezeka. Nina cheti kimoja.