Kamba za Malaika na Kura ya Shamba: Siku Baba Alipokataa Kuchukua Namba

Wakuu, salamu kutoka Eldoret, kwenye baridi na matope.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Wale mnaoniita "kaka" kwa sababu ya ile picha ya trekta niliyoweka kwenye profile, jueni mimi ni cucu, yaani nyanya wa watu. Nimestaafu unesi, nina wajukuu, na miwani yangu imefungwa kwa uzi.

Kilichonitoa kwenye kona yangu ni ule mjadala wa vitabu vya kale vya Wayahudi, vile ambavyo havimo kwenye Biblia zetu nyingi, na jinsi watu wanavyovitumia kufungulia unabii wa siku za mwisho. Sina ugomvi na vitabu. Ugomvi wangu ni na ndugu mmoja aliyeandika kwamba tangu aelewe tumefika wapi, amesimamisha nyumba aliyokuwa anaijengea familia yake. Eti hakuna haja tena.

Ndugu yangu, hiyo sentensi naijua. Nimewahi kuishi ndani yake.

Nitaeleza yote yalivyokuwa bila kutia chumvi, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki. Wale wa kusema "fupisha", pole, mimi ni mzee na naandika kwa kidole kimoja.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa kama miaka kumi na sita, na tuliishi kijiji cha Ziwa, si mbali na hapa Eldoret, kwenye shamba lililokuwa la mzungu.

Baba alitoka Central, mkoa wa kati, akiwa kijana mdogo, akaja kumkamulia yule mzungu ng'ombe. Baba yake, yaani babu yangu, alizikwa kwenye ardhi ya mtu mwingine. Hilo lilimuuma Baba maisha yake yote. Alikuwa mtu mpole, hapigi kelele, lakini ukitaja neno kaburi anainuka anatoka nje.

Uhuru ulipokuja, settlers, wale wazungu wa mashamba, wakaanza kuuza na kuondoka. Wafanyakazi na watu wengine wakaungana, wakaanzisha company ya kununua lile shamba.

Kwa vijana ambao hawajui mambo haya: mlikuwa mnanunua share, yaani hisa, pole pole. Mkimaliza kulipa, surveyor, mpima ardhi, anakuja anakata shamba vipande, kila kipande kinapewa namba. Halafu mnaitwa mkutano. Namba zimeandikwa kwenye vikaratasi, zimekunjwa, na kila mwanachama anaingiza mkono kwenye chombo anatoa chake. Tuliita kura. Namba uliyotoa ndiyo kwako, uwe umeangukia mtoni au kwenye mawe.

Usipofika, jina lako linarukwa. Unangoja kitakachobaki, kama kitabaki.

Baba alilipa share yake kwa miaka. Sisi watoto tulijua chai bila sukari kwa sababu ya ile share. Kwa hiyo mnaelewa, ule mkono wake mmoja kuingia mle ndani ndio ulikuwa nyumba yetu.

Halafu akatokea Mwalimu Wafula.

Alikuwa ametoka upande wa magharibi, na kabla ya uhuru alikuwa karani wa yule mzungu. Mtu nadhifu, sauti nzuri, Kiingereza chake kimenyooka. Mzungu alipoondoka aliacha vitu vingi ndani ya nyumba, na Mwalimu akajichukulia kitabu kimoja cha Kiingereza kilichokuwa na tafsiri ya maandiko hayo ya kale ya Wayahudi. Hakikuwa na jalada. Na nusu ya nyuma haikuwepo, ama panya walikula ama mtu aliwashia moto, sijui.

Jumapili mchana alikuwa anakaa kwenye chumba cha zamani cha kukamulia, anatusomea huku anatafsiri kwa Kiswahili. Mwanzoni walikuja watu wachache. Baadaye watu wakakosa pa kukaa.

Nitawapa hoja yake, kwa sababu hakuwa mjinga, na mkiisikia mtajua kwa nini ilishika.

Alisema Biblia inatupa mnyama, muhuri na alama, lakini haituelezi vitakuja vikiwa na sura gani. Ufunguo uko kwenye maandiko ya zamani zaidi. Mle ndani kuna majitu, watoto wa malaika walioasi, yaliyokula kazi yote ya mikono ya watu mpaka watu wakashindwa kuyalisha.

Hapo anafunga kitabu. Anatuangalia, watu waliokamua ng'ombe wa mzungu miaka yote.

"Sasa nyinyi niambieni," anauliza, "hayo majitu hamuyajui?"

Wazee walikuwa wanatikisa kichwa na kuguna. Hata mimi nilisisimka mwili.

Kisha anaendelea. Historia ya dunia, kama Biblia nayo inavyodokeza, imegawanywa kwa majuma, na sisi tuko kwenye la mwisho. Majitu yameanza kuondoka. Na baada ya hapo, anasema, malaika wanapewa kamba ndefu na wanatumwa kwenda kupima.

Kitabu chake kiliishia hapo hapo. Malaika wameshika kamba, wanaondoka, ukurasa umekwisha.

Kilichofuata Mwalimu alijazia mwenyewe. Alisema wanapima dunia ili iharibiwe, na atakayekubali kupewa namba ya kipande chake amepokea ile alama inayotajwa kwenye Biblia. Huyo atabaki na hiyo dunia yake, atateketea nayo.

Wakuu, wiki chache baadaye surveyors wakafika.

Walikuja na lori, wamevaa kofia nyeupe. Wakashuka na cheni ndefu ya chuma, mmoja anashika mwisho huu, mwingine anaenda mpaka unamwona kama nukta. Wanaita namba kwa sauti, mwenzao anaandika. Wakaanzia upande wa kaskazini.

Baba alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi mpaka chai ikapoa.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilibadilika. Msimu wa kupanda ulifika, Baba hakugusa jembe. Ng'ombe wetu mmoja tuliyekuwa naye akampa jirani, bure. Jioni alikuwa anatuita mmoja mmoja, anatushika kichwa, anatuombea kwa sauti ya mtu anayeaga.

Mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tena maishani, na nimefanya kazi ya unesi. Nikienda kuteka maji naangalia juu. Nikisikia lori nafikiri ni tarumbeta. Sikuogopa moto sana, niliogopa kwamba Baba atachukuliwa na mimi nitaachwa. Upande mwingine niliogopa kwamba hatachukuliwa, na hatuna pa kulala. Hofu zote mbili zilikaa kwenye tumbo moja na hazikunipa nafasi ya kula.

Mama hakubishana naye kwa maandiko. Hakujua kusoma. Alimuuliza jambo moja tu, nikiwa napukuchua mahindi pale jikoni.

"Baba Njeri, huyo Mwalimu ako na share?"

Baba aliinuka akatoka nje.

Mwalimu hakuwa nayo, wakuu. Hata moja. Simlaumu, pengine alikosa tu. Lakini mtu ambaye hana kipande kwenye shamba, kusema kwamba shamba linateketea hakumgharimu kitu.

Siku ya kura ikafika.

Mwalimu alikuwa amewaambia watu wake wapande kilima chenye mawe kinachotazama boma la mzungu, wakaombe huko wakati wengine wanapokea alama. Baba aliamka mapema, akaoga, akavaa shati lake la kanisa. Akasimama mlangoni.

"Njeri, twende."

Mama alikuwa anafunga kitambaa kichwani. "Njeri, twende," akasema pia, bila kugeuka.

Nilikaa chini nikalia. Mwishowe Baba aliondoka peke yake, na mimi nikafuata Mama kwa sababu alikuwa amebeba mtoto mgongoni na mwingine mkononi.

Mkutano ulikuwa uwanjani mbele ya chumba cha maziwa. Vikaratasi walikuwa wameviweka ndani ya mkebe mkubwa wa maziwa, ule wa alumini, kwa hiyo mtu alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kila aliyetoa alisoma namba yake, watu wakapiga makofi. Na ukiinua macho uliwaona wale wengine kule juu ya mawe, wadogo, wameinua mikono.

Majina yalikuwa yanakaribia letu. Mama akaninong'oneza nikimbie nikamwambie Baba bado kuna nafasi.

Nilikimbia kile kilima mpaka nikaonja damu mdomoni. Nilimkuta Baba amepiga magoti, macho amefumba, shati limelowa jasho. Nikamvuta mkono. Akafungua macho, na nikaona kwamba yeye pia anaogopa.

"Enda umwambie mama yako asishike hiyo namba," akasema. "Tafadhali, mwanangu. Asishike."

Nilifika chini jina lake likiwa linaitwa kwa mara ya mwisho.

Mwenyekiti wa company aliniona, akaniuliza, "Baba yako ako wapi?" Nilinyoosha kidole kwenye mawe. Watu wengine walicheka.

Mama akatoka mbele, mtoto mgongoni.

"Mimi nitatoa," akasema.

"Mama, haiwezekani," Mwenyekiti akamwambia, na hakusema kwa ubaya. "Anayetoa ni mwanachama. Mke hatoi, isipokuwa kama ni mjane."

Nilikuwa na ule ujumbe wa Baba mdomoni, asishike, asishike, na sikuutoa.

Mama akasema, "Mtu amepeana ng'ombe. Hajapanda. Ameaga watoto wake mmoja mmoja. Leo ameoga, amevaa, ameenda kungojea kuchukuliwa. Nyinyi wazee, huyo kwenu bado ako hai?"

Mzee mmoja akavua kofia yake.

"Basi niandikeni mjane."

Sijui Mwenyekiti aliwaza nini. Aliangalia kilima, akaangalia wale wazee wengine wa kamati, halafu akamsogezea mkebe kwa mguu.

Mama alizamisha mkono. Mimi nilifumba macho nikisubiri ardhi ipasuke. Nilisikia kitu kimoja tu, bangili yake ikigonga alumini.

Haikupasuka. Mchana mvua ilinyesha, ile mvua yetu ya mawe, ikawapiga kule juu mpaka jioni wakaanza kushuka mmoja mmoja bila kuangaliana. Mwalimu Wafula aliondoka wiki hiyo, hakuaga mtu.

Baba alitukuta kwenye kipande chetu kipya. Mama alikuwa ameshaanza kulima, amechelewa msimu lakini analima. Baba alisimama pembeni ya bikoni, lile jiwe la mpaka, analowa.

"Ni namba gani?" akauliza.

"Wewe ni marehemu," Mama akamwambia, jembe halijasimama. "Marehemu haulizi namba."

Baba akaokota jembe la pili, akaanza kutoka upande ule mwingine.

Title, yaani hati ya shamba, ilitoka kwa jina la Mama. Kwenye mikutano ya company waliendelea kumsoma kama mjane, na Baba ameketi kando yake anakohoa. Watu walimtania Baba mpaka wakachoka. Hakuwahi kuuliza namba tena, na ukimuuliza shamba lake ni lipi anakwambia, "Ongea na mwenyewe."

Sasa nisikilizeni kidogo, nyinyi wa unabii.

Miaka mingi baadaye, padri mmoja rafiki yangu alinikopesha tafsiri nzima ya yale maandiko. Nikatafuta pale penye kamba, moyo unanidunda kama wa yule msichana. Nikafungua ukurasa ambao Mwalimu hakuwa nao.

Wale malaika hawapimi dunia ili iharibiwe. Kwa maneno yangu mwenyewe, wanapima sehemu za wenye haki. Wanawaletea waliodhulumiwa vipimo vyao ili wapate pa kuegemea, hata wale waliopotelea baharini na walioliwa na wanyama.

Nililia kwenye kiti. Kisha nikapanda gari nikaenda Ziwa kumsomea Baba, macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Kwa hivyo ile siku," akasema pole pole, "tulikuwa tunagawiwa. Na mimi nilikuwa nimepanda mawe kuomba isitokee."

Akageuza uso kwenye mlango wa jikoni.

"Mama Njeri," akaita. "Ile namba ulitoa ilikuwa ngapi?"

Sufuria ikawekwa chini. Mama akatoka, akajifuta mikono, akamwangalia yule mzee wake.

"Umefufuka lini?" akamuuliza.

Lakini sauti yake ilikatika. Akakaa karibu naye akamwambia. Baba akairudia ile namba kwa mdomo mara nyingi, kama mtoto anayejifunza jina lake. Sitaiandika hapa, wezi wa mashamba ni wengi humu.

Wote wawili wamelala kwenye ardhi hiyo sasa, ardhi yao.

Nilichojifunza si kwamba vitabu vya kale ni vibaya. Mimi nimevisoma na bado nitavisoma. Nilijifunza kuuliza kwanza kama anayenifundisha ana ukurasa wote, na penye ukurasa uliopotea aseme umepotea, asinijazie kwa hofu yake. Mwisho wa dunia utakuja ukitaka, hautangoja wewe usimamishe fundi.

Wenye elimu ya maandiko nikosoeni, sichukii. Waliopitia kura za mashamba enzi zile, njooni mseme kwenu ilikuwaje.

Na wewe ndugu uliyesimamisha nyumba, utanijibu baadaye. Kwanza ingia ndani umtazame mke wako, umuulize taratibu kama kwenye moyo wake ameshajiandika mjane.