Nililisha Shimo la Gesi Muhogo, Mkwe Wangu Akalipa

Kosa ni langu. Naanza hapo, kwa sababu nikizunguka kidogo tu nitapata kichochoro cha kulikimbia, na mimi vichochoro vya maneno navijua vyote.

Jina siandiki. Tosheka kujua kwamba mimi ni haboba wa hapa Koboko, ndivyo wajukuu wetu wanavyomwita bibi. Shule niliiacha kabla haijanifikisha popote. Lakini kupika! Ikiwa ni karama, ile karamu yetu ya dua, kutoka hapa mpaka Arua hakuna mwanamke wa kunionyesha sufuria inakaa vipi motoni.

Kiburi changu kinakaa hapo, jikoni. Na hapo ndipo kiliponiangusha.

Unajua hali ya miaka hii. Mafuta ya taa yamekuwa kama dhahabu, maduka ni rafu na vumbi, na kuni unazifuata mbali mpaka unasahau ulitaka kupika nini. Basi mwanangu Ramadhani, ambaye kazi yake ni kutibu ng'ombe huko Arua, alijifunza kwa wenzake namna ya kutoa moto kwenye mavi. Akaja akachimba shimo nyuma ya jiko langu, akalijengea matofali, akajaza mavi ya ng'ombe na maji, akalifunika kwa pipa lililopinduliwa. Gesi inakusanyika chini ya pipa, pipa linapanda. Mpira unaipeleka jikoni.

Siku ya kwanza moto ulipotoka, wa buluu, bila moshi, nilisema Bismillahi nikaruka nyuma kama mbuzi.

Ramadhani akanieleza. Alisema, "Mama, ndani iko vijidudu, macho haiwezi kuona. Wale wa kwanza wanatafuna mavi, wanaacha uchachu. Wale wa mwisho wanakula huo uchachu, ndio wanatoa gesi. Wa kwanza iko haraka. Wa mwisho iko pole pole sana. Mmoja akikosa mwenzake, hakuna moto."

Nikamwambia, kwa hiyo umenijengea nyumba ya wake wengi.

"Ndiyo," akacheka, "lakini hawa hawagombani, mpaka mutu awagombanishe."

Mimi nikacheka naye. Ningejua ananitabiria, ningefunga mdomo.

Sasa, kwa kuwa yeye anashinda Arua, shimo alimkabidhi mke wake. Keji ni mtoto wa watu waliokimbia vita ya Sudani. Vita ilipoisha ndugu zake walirudi kwao Yei, yeye akabaki kwa ajili ya mwanangu. Ni mtu wa maneno machache, na ana kisichana chake, Amina, ambaye alikuwa halali bila mgongo wangu.

Kila asubuhi Keji alichukua ndoo ya mavi na ndoo ya maji, akakoroga kwa mkono, akatoa majani na mawe, akamimina taratibu huku anaimba chini chini kwa lugha ya kwao. Amina alisimama karibu yangu akisubiri nifungue gesi. Moto ukitoka anapiga makofi, "Haboba, moto!"

Na mimi roho yangu ikaniuma. Nitasema kweli: iliniuma kwamba moto wa jiko langu unapimwa na mkono wa mtu mwingine. Nikitaka kuongeza hata ganda la ndizi namwomba ruhusa mkwe! Nikiongeza bila kusema, analitoa, hanigombezi, anasema tu, "Mama, hii tumbo haipendi haraka." Heri angenigombeza.

Ikaja karama ya kumwombea marehemu mume wangu. Nilikuwa nimekwisha kujitapa mpaka Oli, kule Arua wanakokaa dada zangu na marafiki zangu wa ujana. Niliwatumia habari kwamba waje waone sufuria zinachemka bila kuni na hakuna jicho litakalotoa machozi. Wakasema watapanda lori waje.

Lakini gesi ya kila siku ilitosha chai na mboga, haikutosha karama. Keji akaniambia wazi tutafute kuni za nyama na wali, gesi tuiachie chai. Nikamwona ananifungia mlango wa heshima mbele ya watu wangu.

Akaenda shambani Midia kulala huko kwa ajili ya palizi, akamwacha mtoto. Nikasema, sasa.

Wewe mama, mtoto akikonda unafanya nini? Unaongeza uji. Mgeni akija unafanya nini? Unampakulia mpaka aombe radhi. Sisi tumelelewa hivyo, sahani isiyofurika ni matusi. Basi nami nikalipakulia shimo. Nilikuwa na mitungi ya muhogo niliouloweka kwa ajili ya unga, umeshalainika na kunuka vizuri. Nikaubonda wote kwa mikono yangu nikamimina. Nikaenda kwa jirani yangu Mlugbara nikaomba machicha ya kwete, ile pombe yao ya nafaka. Mimi ni Mwislamu, sinywi, lakini nikasema shimo halina dini. Nikamimina na hayo.

Pipa likapanda! Wallahi, lilipanda mpaka likaegemea ukuta. Nikalizunguka kama bwana harusi.

Asubuhi ya karama wanawake wa Oli wakafika na gurbaba zao nzuri, zile nguo tunazojitanda. Keji naye akafika kutoka Midia, akaliona pipa, akasimama. Nikawaita wageni jikoni, nikafungua gesi, nikapiga kiberiti.

Kiberiti kikazima.

Nikapiga kingine, kikazima vilevile, kana kwamba kuna mtu ndani ya mpira anapuliza. Upepo ulikuwa unatoka, nausikia kwenye vidole, lakini haushiki moto. Wakaanza kutazamana. Dada yangu mmoja, ambaye ulimi wake haujawahi kulala, akasema, "Pipa iko juu kama tumbo ya miezi tisa. Sasa mtoto iko wapi?"

Wakacheka. Kicheko kile nilikihisi mpaka kwenye nyayo.

Nikamnyooshea Keji kidole. Nikasema, "Ulizeni huyu. Kila asubuhi ndiye anasimama pale ananong'ona. Hakutaka karama ya mume wangu."

Hayo ndiyo maneno. Sikumwita mchawi. Nililiweka neno karibu, wenyewe wakaliokota. Ghafla Keji akawa mgeni, akawa Msudani, akawa Mkristo aliyeficha mambo. Sisi, ambao babu zetu wenyewe walitoka huko huko Sudani, wakiwa askari wa bunduki za Waingereza!

Na kidole changu kile kilikuwa kinanuka muhogo. Nilikuwa nimeosha kwa majivu, sabuni haipatikani, na ule uchachu ulikuwa umenasa kwenye kucha. Niliunusa mwenyewe. Nikaurudisha mkono ndani ya gurbaba.

Keji alinitazama, akasema, "Mama, wewe unajua."

Basi. Tulipika kwa kuni za kuazima, moshi ukatutoa machozi wote, na mimi nikashukuru kwa ule moshi.

Ramadhani alifika baada ya dua. Akafunua mlango wa shimo, harufu ya siki ikampiga usoni. Akauliza nani alitia muhogo. Alinieleza kwamba wale wa haraka walishiba wakajaza uchachu, na wale wa pole pole wakazama ndani yake. Kinachopandisha pipa sasa ni pumzi tupu isiyowaka. Akauliza tena. Nikasema sijui. Keji alikuwa mlangoni. Alisubiri niongeze neno. Sikuongeza.

Wiki ile ile alifunga nguo zake, akambeba Amina mgongoni, akavuka mpaka wa Sudani kwenda kwa ndugu zake. Mtoto alinipungia mkono akidhani wanaenda Midia.

Ramadhani akaliuguza shimo. Hakulilisha kitu. Alitia majivu kidogo kidogo kuvunja ule uchachu, akaleta mavi mabichi ya ng'ombe aliyeshiba, akaacha. Mimi nilikuwa nauliza kila mara, bado? Anasema bado. Ukafika msimu mwingine wa kupanda ndipo siku moja nikapiga kiberiti bila matumaini, na ule moto wa buluu ukakaa.

Nikageuka nimwonyeshe Amina.

Hapo ndipo nilipokaa chini jikoni nikalia. Ramadhani alipokuja nikamwambia yote, muhogo, machicha, kidole. Alikwenda kuvaa viatu akatoka, na chakula chake kikapoa.

Alimfuata mkewe Yei, akarudi peke yake na ujumbe. Keji amesema hana haja ya kuku wala nguo ya kumwomba radhi. Atarudi siku nitakayosema ukweli mbele ya wale wale waliosikia.

Ndugu msomaji, shimo limepona kwa majivu na subira. Neno langu halijapona, kwa sababu bado sijalilisha chochote ila kimya.

Karama ya mwaka huu ni Ijumaa ijayo. Nimewaita wale wale wa Oli, na dada yangu mwenye ulimi nimemtengea mkeka wa mbele. Hapa nimeandika bila jina ili mdomo ujizoeze. Ijumaa nitasema na jina, nikiwa nimesimama, nyama ikiwa bado haijaiva ili mtu asiondoke.

Na wewe mama mkwe, unayemwona mke wa mwanao anakuzibia njia jikoni mwako: mwache apime ndoo yake, moto ni wenu wote. Na siku jambo likiharibika, kabla hujamnyooshea mtu kidole, kinuse kwanza.