Siku Mbili Kabla ya Kliniki

Zamani hapa Kilosa tulikuwa tukisema sukari ni ugonjwa wa wakubwa wa mashamba ya mkonge, wenye matumbo na magari. Sasa siku ya kliniki mabenchi hayatoshi. Tunajaa mpaka ukutani, wazee wenzangu niliolima nao, wote nawajua kwa majina. Huyu jicho moja limezima, yule figo, yule anatembelea gongo. Majina yao siyaandiki. Langu nalo siliandiki, kwa aibu.

Ujanja wa kudanganya kipimo niliuanzisha mimi. Siku mbili kabla ya kliniki nilikuwa naacha ugali na chai ya sukari, nakula mlenda mtupu, basi. Nesi akinichoma kidole, kipimo kinatoka kizuri, ananisifu mbele ya watu: tazameni Bibi anavyofuata masharti. Siku zilizobaki nilikula nilivyotaka, na vidonge nilimeza nikikumbuka. Nilipenda kusifiwa. Shule niliishia darasa la pili, sikuwahi kusifiwa na mtu mwenye kalamu.

Jirani yangu, tuliyeolewa mwaka mmoja, alikuwa akigombezwa kila mwezi. Nikamwonea huruma, nikamfundisha. Naye akaanza kusifiwa. Tulicheka njia nzima kurudi nyumbani. Kumbe mguuni ana kidonda. Msumari ulipenya kandambili ukamtoboa asihisi, maana sukari hutia miguu ganzi. Hakumwonyesha nesi, maana si kipimo kilikuwa kizuri? Walipokuja kukiona, mguu umeshaoza. Wakaukata chini ya goti. Mwanawe akamchukua kwake Mikumi.

Nilikaa miezi mitatu bila kwenda kumwona. Siku niliyokwenda, dukani mkono ulienda wenyewe kwenye kilo ya sukari, maana mgonjwa hatumwendei mikono mitupu, na tangu tuko wasichana tunabeba sukari. Nikairudisha. Nikanunua sabuni.

Mkwewe akaniamkia, akatuacha barazani. Nikamwambia mwenzangu kilichonileta, kwamba mguu ule nimeukata mimi. Nilitamani anitukane. Yeye akasema, "Ulinifundisha, nami nikapenda kufundishwa. Vua viatu."

Nikavua.

"Fumba macho. Nikigusa kidole, sema."

Cha kwanza nilikisikia, na cha pili. Halafu sikusikia kitu. Nikaona haya kunyamaza, nikasema, "Na hicho."

"Hicho sijakigusa," akasema. "Unanidanganya hata mimi, na mguu wangu unauona ulivyo?"

Nilivaa viatu nikiangalia chini.

Kliniki iliyofuata sikujinyima. Nesi alikitazama kipimo, akanichoma kidole kingine, akidhani mashine imekosea. Nikamwambia mashine ni nzima, hiyo ndiyo sukari yangu ya siku zote. Nikamweleza yote, mabenchi yote yanasikiliza. Hakuna aliyenicheka. Wawili waliinamisha vichwa, na majina yao nayajua.