Pikapu ya Baba na Barabara ya Tongoni

Harufu ya grisi iliyochanganyika na maganda ya machungwa hunirudisha hadi leo ndani ya pikapu ya baba. Huenda uliwahi kuziona zile za zamani: mbele gari dogo lenye kiti kimoja kirefu, nyuma bodi ya mizigo. Baba aliitumia kubeba machungwa ya Muheza. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kila Ijumaa baada ya swala alifungua boneti, akasafisha plagi, akapima oili. Mshale wa joto hakuuruhusu kamwe upite katikati. "Huyo ni mke mwenzangu," mama alikuwa akisema, "ila yeye huogeshwa kunishinda."

Alasiri moja, nyumbani kwa bibi Tongoni, mama alijifungua mtoto wa kiume, na damu ikakataa kukatika. Mkunga alimnong'oneza baba jambo. Kichanga kikabaki na bibi. Mama akawekwa katikati yetu, kichwa begani kwangu, tukashika barabara ya vumbi kwenda hospitali mjini Tanga.

Baba akaanza kuzungumza habari za gari.

"Mama Zaina, pikapu hii tuliinunua Korogwe."

"Muheza," mama alisema, macho ameyafumba.

"Na rangi yake ya kwanza ilikuwa kijani."

Khanga alizokalia mama zilikuwa zimelowa. Baba akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Nyeupe," mama alijibu. "Umesahau hata hilo?"

Nilimchukia baba. Mama ananifia begani, naye anasimulia gari, tena kwa kukosea.

Tulipofika Makorora, tukiingia mjini, mvuke ulikuwa ukifuka chini ya boneti.

"Baba, maji yanachemka," nilisema.

Hakuutazama mshale. Alikanyaga mafuta, akasema kabureta ilibadilishwa baada ya harusi ya shangazi. Mama alichelewa sana kujibu. Baba akayarudia maneno yaleyale.

"Kabla," mama alisema hatimaye. "Kabla ya harusi."

Injini ilikufa kwenye geti la hospitali. Baba aliuacha mlango wazi, akambeba mama mikononi, wala hakugeuka nyuma.

Mama alipona. Pikapu haikuwaka tena, ikauzwa kama chuma chakavu.

Nilikuwa nimeshazaa mimi mwenyewe, siku mkunga yule aliponieleza alichomnong'oneza baba: mama asiachwe alale. Ndipo nikaelewa. Baba hakuwa amesahau lolote kuhusu gari lile. Alikosea kusudi, kwa kuwa alimjua mkewe: hata akiwa mahututi, asingeweza kumwacha bila kumsahihisha.