Koti Lililokatwa kwa Kipimo cha Dada

Mimi ni fundi cherehani, Mkenya, na kibanda changu kiko ng'ambo ya mpaka, mtaa wa Ntinda, mwaka wa kumi na nne sasa. Fundi yeyote atakuambia mwenye mwili hupimwa kwanza. Lakini koti la binti yangu mdogo nililikata bila kumpima. Nilikuwa bado na karatasi za vipimo vya dada yake, za koti alilovaa siku ya mtihani wa kuingia chuo kusomea sheria. Nikasema ah, wametoka tumbo moja, litamkaa.

Mdogo alikuwa anaurudia mtihani huohuo. Mwaka uliotangulia alianguka, na aliniambia akianguka tena basi, atakuja kukaa nami kibandani. Jamani, kibanda nakipenda, lakini si kwa mtoto aliyebishana na walimu tangu chekechea.

Jumapili, tumetoka kanisani, tumeketi nyumbani Bugolobi, aliniomba nimsomee maswali ya kupima hoja huku nikitazama majibu nyuma ya kitabu. Swali moja lilihusu vijiji viwili. Kimoja kilichimba kisima, watoto wakaacha kuharisha. Kwa hiyo na cha pili kichimbe. Akanieleza taratibu: ukitaka kuitia nguvu hoja kama hiyo, onyesha kwamba vijiji vinafanana katika lile jambo lenye uzito. Ukitaka kuidhoofisha, tafuta tofauti. Lakini si tofauti yoyote; kwamba kimoja kina kanisa kubwa, huo ni mtego. Kwamba watoto wa kijiji cha pili wanaugua kwa chakula, si kwa maji, hapo hoja imekwisha. Nikanogewa, nikabishana naye hadi chai ikapoa.

Kisha akakosa maswali matatu mfululizo. Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nikamwambia dada yake alipita mara ya kwanza. Nyumba moja, shule moja, mama mmoja, sasa yeye ana shida gani? Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, ndivyo nilivyojitetea moyoni.

Alifunga kitabu kwanza.

"Mama, dada alipofanya mtihani, baba alikuwa hai. Mimi nilisoma wodini, kando ya kitanda chake."

Ilikuwa kweli. Mimi nilishinda kibandani, dada yake alishaolewa Nairobi, na huyu ndiye aliyekuwa akimlisha baba yake uji. Wiki mbili baada ya kumzika alikwenda kwenye ule mtihani alioanguka, kwa sababu nilimwambia aende. Nilijua yote hayo na bado nilimlinganisha. Niliona haya mbele ya mtoto wangu mwenyewe.

Nikamwambia avae koti. Lilimbana mabegani, mikono ya koti ikaishia kabla ya vifundo vya mikono yake. Kumbe alikuwa amelijaribu tangu Ijumaa akanyamaza, akajizoeza kuandika bila kuinua mabega. Nikachukua futi nikaanza kumpima, mabega, kifua, mikono, na kila namba nikaiandika kwenye karatasi mpya. Nilipofika mgongoni akauliza kwa sauti ndogo, "Na nikianguka tena?"

"Nitakungoja getini, twende ziwani Luzira tukale samaki, mimi na wewe."

"Na nikipita?"

"Samaki walewale."

Akacheka, kisha akalia kidogo, nami nikalia. Mabega yake yakashuka, ikabidi nimpime upya.