Jogoo Mweupe wa Bibiane

"Ile siku mujinga ilikuwa miye," anasema Barthélemy Bisimwa kabla hajaulizwa lolote. "Andika vile. Usitafute mwingine."

Ni saa moja asubuhi, Alhamisi, mtaani Panzi, kusini mwa jiji la Bukavu. Bisimwa ameketi nyuma ya nyumba yake, tetea amembana kati ya magoti. Anampuliza mgongoni. Manyoya yanafunguka, naye anainama kuchungulia mashina yake kama mama anayetafuta chawa. Rangi ya biskuti. Anampuliza chini ya bawa. Biskuti. Anamwachia, anamkamata mwingine.

Kuku hawa wanne amewapuliza kila asubuhi kwa miezi saba. Hawajabadilika.

Bisimwa, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, alikuwa fundi mwashi hadi alipoanguka kazini na mguu mmoja ukakataa kupanda tena. Tangu hapo, miaka sita sasa, anafuga kuku kwa ajili ya rangi. Anamtafuta mweupe kamili, asiye na hata unyoya mmoja wa rangi nyingine. Kuku huyo ana wateja wake: familia zinazotaka kumbeba kanisani wakati wa matoleo, siku ya misa ya shukrani. Jogoo wa kawaida humpatia dola kumi pale sokoni Nyawera. Mweupe, ishirini na tano.

"Mwenye kushukuru hapendi kuku ya madoa," anasema. "Watu wote wanaangalia."

Kumpata si mchezo. Miaka mitano Bisimwa alizalisha, akachagua, akauza kila aliyeota unyoya mweusi mkiani. Waliobaki weupe, mwewe aliwaona kutoka mbali. Mwizi naye hakuhitaji tochi. Mwaka jana shemeji yake wa Mumosho akampa jogoo na tetea, weupe wote, wa uzao mmoja. Bisimwa akaona kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Katika kapu alilotagia tetea yule alitagia pia kuku wa rangi ya biskuti, ambaye alikuwa na mazoea na jogoo wa nyumba ya juu. Mayai yote yakaatamiwa pamoja. Wakatoka vifaranga tisa: wanne wa njano safi, watano wa rangi ya moshi, kana kwamba wamelala jikoni.

Bisimwa hakusita. Aliwabakiza wa njano, maana kwake kifaranga wa njano ndiye huwa mweupe. Wa moshi akampelekea jirani yake Bibiane, mjane anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Nilimuambia, maman, hizi ni za kula," anakumbuka. "Na nikacheka."

Majuma yalivyopita, wa njano wakawa biskuti. Wa moshi wakaota manyoya meupe, kwanza mabawani, kisha mwili mzima. Virginie, mke wa Bisimwa, ndiye aliyewaona alipokwenda kununua sambaza.

"Nilirudia na mbio," anasema Virginie, akijitahidi kutocheka mbele ya mumewe. "Nikamuambia, papa, enda uone malaika zako kwa jirani."

Shemeji wa Mumosho alieleza baadaye kwamba uzao ule huanguliwa na rangi ya moshi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kisha ukaja ugonjwa ambao wafugaji wa hapa huuita peste. Kwa siku tatu uliwamaliza jogoo na tetea wa Bisimwa. Kule Mumosho hakubaki hata mmoja. Kwa Bibiane, ng'ambo ya mfereji, walinusurika watatu: matetea wawili na jogoo. Weupe wote waliobaki, kwa anavyojua Bisimwa, wamo katika banda lile la mabati.

Na jogoo amebakiwa na siku tatu. Jumapili Bibiane atambeba kanisani, kwa sababu binti yake Charlène amejifungua salama baada ya mimba mbili kuharibika. Kutoka altareni, safari ya jogoo huishia jikoni kwa mapadri.

Bisimwa hali vizuri. Mbwa akibweka, anachungulia ng'ambo. Mvua ikinyesha, anauliza kama banda la Bibiane linavuja. Alishaomba kumbadilisha kwa majogoo wawili wa biskuti. Alikataliwa.

Saa mbili anachukua fimbo yake na kuvuka mfereji. Bibiane anaanika sambaza. Jogoo amefungwa kamba mguuni, mweupe hadi anaumiza macho.

"Umekuja kumusalimia tena?" anauliza Bibiane. "Miye haunisalimiake vile."

"Maman Charlène, nakuomba. Misa inaweza kungoya kidogo."

"Mutoto ameshazaliwa. Nimuambie Mungu angoye kuku zako zitage kwanza?"

Charlène, aliyeketi mlangoni akimnyonyesha mtoto, ndiye anayemwokoa Bisimwa.

"Mama, tubebe tetea moja. Nayo iko nyeupe."

Bibiane anageuza sambaza, anafikiri. Anakubali, lakini kwa masharti. Jogoo na tetea atakayebaki hawatavuka mfereji. Bisimwa ataleta pumba na chanjo. Vifaranga watagawana nusu kwa nusu, kama ilivyo desturi ya hapa unapomfugia mwenzako.

Uso wa mzee unafunguka. Tayari anapanga: mayai kumi na mawili, kapu la peke yao, na mwakani majogoo sita weupe sokoni Nyawera. Kama peste haitarudi. Kama tetea huyo mmoja ataatamia. Kama mwewe atatazama kwingine.

"Vikitoka tu, nitakuja kuchagua zangu," anasema.

"Kuchagua ni miye."

"Weye? Maman, miye niko na miaka sita mu hii kazi! Rangi naijua!"

Bibiane hainui macho kutoka kwenye sambaza zake.

"Unaijua, papa. Njo maana nyeupe zote ziko kwangu."