Barua ya Kumzika Mke wa Gaudens

Mzee Gaudens alipokuwa karani wa makontena kule Kurasini, kazi yake ilikuwa kusimama getini na kusema hili halitoki. Alipostaafu hakuwa tena na kontena la kuzuia, akatugeukia sisi. Tulimchagua wenyewe kuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Tabata, kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu.

Asiyejua mambo yetu Wakatoliki aelewe hivi: kila Jumamosi alfajiri tunasali nyumba kwa nyumba, na kwetu bila barua ya mwenyekiti hubatizi mtoto, hufungi ndoa, wala padri haji kukuzika. Gaudens aliipenda hiyo barua kuliko Injili. Alikuwa na daftari la mahudhurio, analishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Somo likiwa la Waisraeli jangwani, wale walioabudu ndama na bado Mungu akawahurumia, alilisoma kwa sauti nzito mpaka machozi yanamlengalenga. Akishafunga Biblia, anafungua daftari.

Mama yake Felicitas, mwanajumuiya mwenzetu, alipofariki, Gaudens alikuja msibani na hilo daftari. Bibi yule alikuwa ameugua kitandani miezi saba, na Felicitas ndiye aliyekuwa akimgeuza na kumlisha, hivyo wote wawili hawakuonekana kwenye sala. Gaudens akawaonyesha waombolezaji ukurasa mtupu, akasema kanisa si mahali pa kukumbukwa siku ya kufa. Barua hakuandika. Tukamzika bibi wa watu kwa nyimbo zetu wenyewe, na Felicitas alilia kilio ambacho sijakisahau. Mimi nilikuwa katibu. Nilinyamaza, na hilo nalijutia.

Ukaja uchaguzi, tukampa Felicitas kura ishirini na tatu, Gaudens akapata nne. Akasema kura zimeibwa. Jumamosi iliyofuata akaanzisha jumuiya yake sebuleni, yenye waumini wawili: yeye na mkewe Anjelina. Yeye mwenyekiti, mkewe katibu, na nasikia walikuwa wakifungua kikao kwa kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Padri alikwenda kumbembeleza mara tatu. Mara ya tatu Gaudens alimjibu kupitia dirisha kwamba yumo kikaoni. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mtu aliyetuhubiria uasi wa jangwani miaka tisa, naye kajitengenezea ndama wake, tena kamweka kwenye kochi. Nyani haoni kundule.

Anjelina alikuwa mtu mwema. Tukikutana sokoni Buguruni alikuwa akiniuliza juma hilo tumesoma somo gani, halafu anaangalia chini.

Miaka miwili ikapita hivyo. Siku moja presha ikamwangusha Anjelina jikoni kwake, na kabla hajafikishwa hospitali akawa amekwisha. Asubuhi yake Gaudens akaja kwa Felicitas, nami nilikuwepo. Alisimama mlangoni, vifungo vya shati vimekwenda kombo. Felicitas alimwamkia shikamoo, hakuitikia. Akasema anataka barua. Hakusema anaomba.

Nasema wazi, nilifurahi. Nilifungua daftari nikamsomea: Anjelina, miaka miwili, hakuna hata tiki moja. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilitaka naye azike kwa nyimbo za majirani, ajue ladha yake. Kwamba atakayekuwa ndani ya jeneza ni Anjelina, hilo halikunijia kichwani.

Felicitas akavuta karatasi, akaanza kuandika. Nikamwita jikoni nikamwambia huyu mzee hajatubu hata chembe, yaani hata salamu kaimeza.

"Wale wa jangwani waliabudu ndama wao jioni, mama Ansbert, na asubuhi mana ikaanguka vilevile," akasema. "Sasa mie nani nimzuilie mtu?"

Akarudi sebuleni, akapiga muhuri.

Padri alikuja, Anjelina akazikwa kama anavyozikwa Mkristo. Baada ya mashada, Gaudens akaanza kumfuata Felicitas katikati ya watu. Wote tulidhani anakwenda kuomba msamaha. Kumbe anakwenda kumwambia kwamba barua yake haikutaja kanda ya jumuiya yetu, na kwamba enzi zake barua ya namna ile ingerudishwa. Ningekuwa mimi, ningemwacha hapohapo na makaburi yake.

"Sawa, mzee," Felicitas akamjibu. "Jumamosi tunasali kwako."

Gaudens akakaa juu ya udongo mbichi wa kaburi la mkewe, akalia mbele za watu bila hata kufunika uso.

Mimi hayo machozi hayakunilainisha. Njiani nilimwambia Felicitas kwamba kwa mtu yule sikanyagi, na kama jumuiya imekuwa ya kupokea kila jeuri, basi naacha, atafute katibu mwingine. Nilitegemea anibembeleze. Akaendelea kutembea, kanga kaitupia begani.

"Acha tu, mama Ansbert," akasema. "Siku ikifika, na barua yako nitaiandika."